Kompyuta mpya na arifa zilizonikosesha usingizi

Mwezi wa tatu mwaka huu nilipanda Coaster kutoka Moshi hadi Arusha, nikanunua kompyuta mpakato mpya, ingali ndani ya boksi lake, kwa shilingi 850,000. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Rau, na daftari la hisa na mikopo ya wanachama 28 lilikuwa limechakaa kiasi kwamba kurasa kadhaa zilikuwa zikishikiliwa na gundi. Nilitaka hesabu za watu zikae mahali ambapo mvua na panya hawafiki.

Siku ya nne, nikiwa ninaingiza marejesho ya mikopo, kisanduku chenye alama nyekundu kiliibuka kwenye kona ya chini kulia ya skrini, kikisema kwa Kiingereza kwamba programu tano za kijasusi zimeingia kwenye kompyuta yangu na kwamba nywila zangu za benki zinaibwa wakati huohuo. Sijamaliza kukisoma, kikaja cha pili, kisha cha tatu, kila kimoja na mlio wake. Jambo lililonitia hofu zaidi ni kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa nzito: jedwali la hesabu lilichukua zaidi ya dakika moja kufunguka, na mara nyingine skrini iliganda kabisa hata mshale usisogee. Niliyaunganisha mambo hayo mawili bila kuyachunguza, nikaamini kwamba kompyuta ni nzito kwa sababu kuna mtu ndani yake anayenichungulia.

Nilimpigia simu fundi mmoja wa mjini. Hakuuliza mengi. “Mama, hiyo imeshaingiliwa. Ilete nikupigie Windows upya, elfu ishirini tu.” Nilikaribia kuipeleka, na leo ninashukuru kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili na duka lake lilikuwa limefungwa. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows halali huwa imehifadhiwa namba ya leseni ndani ya ubao wake mkuu, kwa hiyo hata ikipigwa Windows upya kutoka chanzo halali hujitambua yenyewe inapoingia mtandaoni. Kwa bahati mbaya, baadhi ya mafundi wetu hubeba kwenye flashi nakala zilizochakachuliwa, pamoja na kiprogramu cha kudanganya leseni ambacho, kabla ya kufanya kazi, humtaka mtu azime ulinzi wa kompyuta. Huko ndiko majasusi wa kweli wanakoweza kupitia.

Usiku ule niliiwasha tena, nikakisubiri kisanduku kije, na safari hii nikakisoma chote, hata yale maandishi madogo ya kijivu yaliyokuwa chini ya kichwa cha habari. Palikuwa na jina la kivinjari changu, yaani programu ninayofungulia tovuti, na baada yake anwani ya tovuti nisiyoifahamu, mfululizo wa herufi zisizotamkika. Onyo linalotolewa na ulinzi wa Windows wenyewe hubeba jina la Windows Security, halibebi anwani ya tovuti. Arifa hizi hazikuwa zimetoka ndani ya kompyuta yangu hata kidogo. Zilikuwa zikitumwa na tovuti ambayo mtu aliipa ruhusa ya kunitumia.

Nilimwita mtoto wa kaka yangu, ambaye amemaliza kidato cha sita na anakaa kwangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Shangazi, nisamehe. Nilikuwa natafuta mahali pa kuangalia mpira, ukurasa ukasema nibonyeze Ruhusu ili kuthibitisha kuwa mimi si roboti.” Sikumgombeza, kwa kuwa mtego huo umetengenezwa ili ufanane na jambo la kawaida tunalokutana nalo kila siku. Ukibonyeza Ruhusu, hakuna kilichothibitishwa. Umeifungulia tovuti hiyo mlango wa kukurushia matangazo hata ukurasa wake ukiwa umefungwa. Ukilibonyeza onyo lenyewe, unapelekwa kununua dawa ya uongo au unaonyeshwa namba ya simu ya “msaada”. Microsoft, watengenezaji wa Windows, wameeleza wazi kwamba maonyo yao hayawi na namba ya simu, na ninatamani kila mwenye kompyuta katika mji huu alijue jambo hilo moja.

Kuziondoa hakukuhitaji fundi. Katika mipangilio ya kivinjari tuliingia kwenye faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na pale tukaikuta anwani ileile pamoja na nyingine mbili. Tulizifuta zote, na tukaondoa kiendelezi kimoja, yaani kiprogramu kinachopachikwa kwenye kivinjari, ambacho hakuna aliyekumbuka kukiweka.

Hata hivyo sikutaka kulala kwa kudhani tu, kwa sababu upya wa kompyuta si ushahidi wa usafi wake. Mwaka 2015 ilibainika hadharani kwamba baadhi ya kompyuta mpakato za Lenovo zilikuwa zimeuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyojiwekea ndani ya mfumo cheti chake, yaani kitambulisho kinachoifanya kompyuta iamini tovuti, na kujipenyeza katikati ya mawasiliano ya siri kati ya kivinjari na tovuti. Kwa hiyo nilifanya ukaguzi kamili kwa Microsoft Defender, ambayo huja pamoja na Windows bila malipo, kisha ule ukaguzi wa nje ya mtandao ambao huizima kompyuta, huiwasha upya na kuikagua kabla Windows haijaamka, kwa takriban robo saa. Haikupatikana programu yoyote ya kijasusi. Nywila ya barua pepe na ya benki nilizibadilisha hata hivyo, kwa kutumia simu, nikaweka na uthibitishaji wa hatua mbili.

Arifa zilikoma, lakini uzito ukabaki palepale, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa na magonjwa mawili tofauti. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, dirisha linaloonyesha ni programu gani inatumia nini. Prosesa ilikuwa imepumzika, ilhali safu ya diski ilisomeka asilimia 100 muda wote. Antivairasi mbili zilikuwa zikifanya kazi kwa pamoja: moja ya majaribio iliyokuja na kompyuta, nyingine aliyoiweka yule mtoto wa kaka yangu kwa nia njema siku ya kwanza ya hofu. Kila faili nililofungua lilikaguliwa mara mbili. Juu ya hayo, Windows ilikuwa bado inapakua masasisho na kuorodhesha mafaili, kazi ambayo kompyuta mpya huifanya siku zake za mwanzo, na iliyomaliza pia bando langu la wiki kwa siku mbili.

Niliziondoa antivairasi zote mbili, Defender ikashika zamu yake, na hali ikawa afadhali. Afadhali tu, kwa maana diski yenyewe ilikuwa ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kinachohama huku na huko kutafuta kila kipande cha faili. Muuzaji alinisifia ukubwa wake, terabaiti nzima, na mimi sikujua kuuliza ni ya aina gani. Ninaliona jambo hili kuwa si haki kwa mnunuzi wa kawaida, anayelipa akiba yake ya miezi mingi na kuambiwa ukubwa peke yake.

Fundi mwingine, mtaratibu, aliibadilisha diski hiyo mbele ya macho yangu kwa SSD ya GB 256, aina ya kisasa ya diski isiyo na kitu kinachozunguka, akahamisha kila kitu kama kilivyokuwa, na diski ya zamani akanirudishia nitunzie nakala za hesabu. Awali kompyuta ilichukua dakika tatu na zaidi kuwaka. Sasa ni sekunde zisizofika ishirini. Imebaki kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM), ambayo ni GB 4, kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, nami nimepanga kuiongeza iwe GB 8 tukigawana gawio mwezi wa kumi na mbili.