Kiungo 2.0: kikao sasa kinafungwa palepale kilipofunguliwa

Majaribio yote ya Kiungo, maktaba yangu ya Python ya kudunga vitegemezi (yaani kuipa klasi vitu inavyovihitaji badala ya yenyewe kuviunda), yamepita. Saa nane kasoro usiku wa kuamkia leo, Python 3.10 mpaka 3.14, hakuna hata moja lililorukwa. Naandika kabla sijasahau njia niliyopita, maana kosa moja limenila wiki tatu na nataka likae kwenye maandishi.

Kosa lenyewe ni ValueError, na ujumbe wake unadai kwamba tokeni iliundwa kwenye muktadha mwingine. Aliyewahi kushika contextvars, moduli ya Python inayoitunzia kila kazi inayoendeshwa thamani zake (huo ndio muktadha wake), ameshajua nazungumzia nini.

Kwanza sababu ya toleo la 2. Jamaa yangu ana mfumo wa kutunza hesabu za VICOBA, na ndani yake ametumia Kiungo 1.8. Mwezi wa tatu akanipigia simu: mweka hazina wa kikundi kimoja anaingiza michango, orodha ya michango inaonekana sawasawa, lakini ripoti ya salio imeganda kwenye tarakimu za asubuhi. Seva ikizimwa na kuwashwa, salio linakuwa sahihi. Muda si mrefu linaganda tena.

Tulikaa mpaka usiku tukisoma msimbo wake, na msimbo wake haukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwangu. Klasi ya Ripoti ilisajiliwa iishi muda wote wa programu, na ndani yake ilihitaji kikao cha hifadhidata, ambacho huishi ombi moja tu la mtumiaji kwa seva. Mtu wa kwanza kufungua ripoti baada ya seva kuwaka ndiye aliyesababisha Ripoti iundwe, na ikaundwa ikiwa imepewa kikao chake. Ombi lake likaisha, Kiungo kikafunga kikao, lakini Ripoti ikaendelea kukishikilia.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyepiga kelele. Kikao cha SQLAlchemy (maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata) kilichofungwa kwa close(), kwa mipangilio yake ya kawaida, hakikatai kutumika tena. Kinafungua muamala mwingine na maisha yanaendelea. Kwa hiyo Ripoti ilikuwa na kikao cha peke yake kisichofungwa na mtu, huku imeshika vile vikundi ilivyovipakia asubuhi. SQLAlchemy ikikuta kikundi kimeshapakiwa kwenye kikao hicho, inarudisha kitu kilekile na thamani zake za zamani. Tulipoangalia pg_stat_activity, orodha ya miunganisho kule kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, tukakuta muunganisho umekaa "idle in transaction", yaani muamala uko wazi bila kazi, tangu alfajiri. Hizi ni hela za watu, za akina mama wanaoweka hisa kila wiki, na maktaba yangu iliruhusu jambo hilo bila hata onyo.

Mark Seemann, mwandishi wa mambo ya kudunga vitegemezi, aliliita tatizo hili mwaka 2014 kwa jina linalofaa sana: kitegemezi mateka. Chenye maisha mafupi kimetekwa na chenye maisha marefu. Toleo la 2 lilianzia hapo, kwamba mateka asipite, na akamatwe pale kontena, yaani sehemu ya maktaba inayounda vitu na kuvigawa, inapojengwa, si siku mteja anapoona salio la uongo.

Ukaguzi wenyewe ulinichukua siku mbili. Kila kitegemezi kina ngazi yake ya maisha: programu, ombi, kazi. Mshale ukitoka kwenye ngazi ya maisha marefu kwenda kwenye ya maisha mafupi, jenga() inakataa na kuchapa njia nzima. Pa kuangalia ni vile vinavyoundwa upya kila mara, kwa sababu vyenyewe havina ngazi, vinaishi kadiri anayevishika anavyoishi. Ukikagua mshale mmoja mmoja, Ripoti kwenda Kikokotoo ni sawa, Kikokotoo kwenda Kikao ni sawa, na mateka amepita katikati. Lazima ukaguzi upenye mpaka mwisho wa njia. Nilipouendesha kwenye msimbo wa jamaa yangu ukatoa mateka wanne. Sisi tulikuwa tunamjua mmoja.

Sasa tuje kwenye lililonikesha. Hiki ni kikao kama watumiaji wangu wengi wanavyokiandika:

    def kikao(injini: Injini):
        k = Kikao(injini)
        yield k
        k.close()

Kiungo 1 kiliweka "skopu ya sasa" (skopu ni eneo la maisha ya vitu, kwa mfano ombi moja) ndani ya ContextVar, thamani ambayo kila muktadha una yake, ili mtu yeyote, popote kwenye msimbo, aite leta(Kikao) na apewe cha ombi lake. Skopu ikifunguliwa naita set na kutunza tokeni inayotoa, kama risiti ya kurudishia thamani ya awali. Ikifungwa naita reset kwa tokeni ileile. Kama kila kitu ni async, yaani kazi zinapishana kwenye uzi mmoja, hakuna shida. Lakini FastAPI, maktaba ya kujenga huduma za wavuti, ikikuta fanksheni ya kawaida isiyo async inaipeleka kwenye kundi la nyuzi (threads), na kama ina yield, inayoigawa nusu mbili, nusu ya kwanza ni safari yake na nusu ya pili ni safari nyingine. Kila safari inapewa nakala yake ya muktadha. Set imefanyika kwenye nakala ya kwanza, reset inaitwa kwenye ya pili. Tokeni haitambuliki, ValueError, na k.close() haifikiwi kabisa.

Nikajaribu kwanza kutunza nakala moja na kuendeshea nusu zote mbili humo kwa Context.run. Jaribio la ombi moja likapita, nikafurahi. Nikaweka vitegemezi viwili vinavyoitana ndani ya ombi lilelile: RuntimeError, muktadha umeshaingiwa. Muktadha mmoja hauingiwi mara mbili kwa wakati mmoja, na Python iko sahihi kukataa.

Nikasema basi, tuache reset, tuweke tu None wakati wa kufunga. Kwenye uzi haina madhara kwa sababu nakala inatupwa. Upande wa async, skopu ya ndani ilipofungwa ikaifuta na ya nje. Nikabadilisha, badala ya skopu moja nikaweka orodha ndani ya ContextVar, skopu zipandiane humo. Hili ndilo lililonitisha kuliko yote. Muktadha unaponakiliwa, kinachonakiliwa ni rejeo, orodha yenyewe inabaki moja. Kazi mbili ndani ya gather, inayoendesha kazi kadhaa kwa pamoja, zikawa zinapandisha na kushusha kwenye orodha moja, na jaribio likanionyesha kikao cha kazi A kiko mikononi mwa kazi B. Yaani nilikuwa naondoa salio lililoganda na kuleta salio la kikundi kingine. Nikafuta tawi lile usiku uleule.

Kuna usiku mmoja pia nilikamata ValueError na kuinyamazia. Asubuhi nikaitoa. Maktaba ya kudunga vitegemezi ikinyamaza kuhusu skopu, haina kazi nyingine iliyobaki kuifanya.

Kama hayo hayatoshi, kukawa na kazi za nyuma. create_task, inayoanzisha kazi ya namna hiyo, inanakili muktadha wakati kazi inazaliwa. Kwa hiyo kazi ya kutuma SMS inayoendelea baada ya jibu kutoka bado inaiona skopu ya ombi, ambayo imeshafungwa, na kwa ile tabia ya SQLAlchemy niliyoieleza, inaendelea kuitumia bila kosa lolote. Python 3.11 iliongeza kigezo cha kuipa create_task muktadha wako mwenyewe, lakini siwezi kumlazimisha kila mtumiaji akumbuke hilo kila mahali.

Jioni moja nikamchorea mwenzangu wa kazini mishale yote kwenye karatasi: nyuzi, nakala, tokeni. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Kaka, kwani hiyo skopu, wakati unaifungua si unayo mkononi?"

"Ninayo."

"Sasa unaificha ili iweje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nayo mkononi. Mwenye kufungua ombi anayo, mwenye kuunda Ripoti anaweza kupewa, na Ripoti ikishaundwa haihitaji kuijua kabisa, kwa sababu imeshapewa vitu vyake kupitia kiundaji. Aliyehitaji "skopu ya sasa" ni yule tu anayeita leta() katikati ya msimbo, na huyo hadungiwi kitu, anakwenda kuchota mwenyewe. Martin Fowler, mwandishi wa masuala ya programu, alizitenganisha njia hizi mbili, kudungiwa na kuchota, kwenye makala yake ya 2004, ileile iliyolipa jambo hili jina, na mimi miaka yote nimezichanganya kwenye maktaba moja nikaita urahisi.

Nikatoa ContextVar yote. Sasa skopu ni kitu cha kawaida, unaifungua kwa with au async with, na unaomba kwayo: ombi.leta(Ripoti). Ndani yake kuna ExitStack, au AsyncExitStack upande wa async, yaani rundo la vitu vinavyosubiri kufungwa, na cha mwisho kufunguliwa ndicho cha kwanza kufungwa. Haijalishi nusu ya pili inaendeshwa kwenye uzi upi, hakuna tokeni ya kulinganisha. Kazi ya nyuma haioni skopu isipopewa, na ikitaka kikao inafungua skopu ya kazi yake yenyewe. Faili la skopu limepungua likawa chini ya nusu. Lile jaribio la gather, ambalo nilifikia kuliogopa kulifungua, limepita mara ya kwanza. Nikaliendesha mara mia moja kwenye kitanzi, mara mia likapita.

Gharama yake ni kwamba leta() ya popote imekufa, na kila aliyeitegemea lazima abadilishe msimbo. Ndiyo maana hii ni 2.0 na haiwezi kuwa 1.9. Nimeona maktaba zinabadilisha namna vitu vinavyofungwa ndani ya toleo dogo, na mtu anagundua akiwa kazini na simu zinaita. Sitaki kumfanyia mtu hivyo.

Kidogo kuhusu zana, maana nina la moyoni. Mypy, zana ya kukagua aina, ukiipa ombi.leta(HazinaYaVikundi), na HazinaYaVikundi ni klasi dhahania, inatoa kosa la type-abstract: inataka klasi inayoweza kuundwa. Naelewa sababu, mwenye kupokea type anaweza kuamua kuiita. Lakini kuomba kwa klasi dhahania na kupewa utekelezaji wake ndiyo kazi nzima ya maktaba kama hii. Leo namwambia mtumiaji azime kosa hilo kwenye mipangilio, na akilizima limezimika hata kule ambako lingemsaidia. Sijaridhika.

Halafu from __future__ import annotations. Inageuza aina zote zilizoandikwa kwenye vigezo kuwa maandishi, na mimi ninayezisoma wakati programu inaendeshwa lazima nizirudishe. Klasi ikiwa imeingizwa chini ya TYPE_CHECKING pekee, sehemu inayosomwa na zana za ukaguzi tu, ni NameError. Python 3.14 imeleta PEP 649, pendekezo la kuboresha lugha ambalo kwalo aina zinahesabiwa pale zinapoulizwa, na klasi zinazotajana kabla hazijaandikwa zinasomeka vizuri sana. Hilo la TYPE_CHECKING bado halitibiki, kwa kuwa jina lenyewe halipo. Nilichoweza kufanya ni kuandika ujumbe unaotaja jina, klasi, kigezo na faili. Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maktaba, na huu niliuandika mara sita.

Mpango ulikuwa wiki hii niandike daraja la kuhamia, moduli ndogo inayorudisha leta() ya zamani pamoja na onyo, ili watu wahame polepole. Nimeliacha. Jana wakati nachapa njia ya mateka, nikaona kwamba jenga() inajua kila kitu: nani anamtegemea nani, kwa mpangilio upi, kwenye skopu ipi. Kama inajua yote hayo, kwa nini kila ombi tunatembea upya kwenye mtandao uleule? Si ichape tu msimbo?

    def unda_ripoti(programu, ombi):
        kikao = ombi.fungua(unda_kikao, programu.injini)
        vikundi = HazinaYaVikundi(kikao)
        return Ripoti(vikundi)

Huu nimeunakili kama ulivyotoka leo asubuhi, sijagusa herufi. Dagger, maktaba ya Java iliyoanzia kampuni ya Square mwaka 2012, inafanya hivi, inazalisha msimbo wakati wa kukusanya programu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba Kiungo kinaweza. Ni Python ya kawaida. Mtu anayejifunza wiki ya pili anaisoma na kuielewa. Kosa likitokea, unapelekwa kwenye mstari wa HazinaYaVikundi moja kwa moja, bila kupita kwenye tabaka saba za kontena. Niliitazama skrini ile muda mrefu, kisha nikamtumia mwenzangu picha. Akajibu, "Sasa hiyo ndiyo yenyewe."

Haijakamilika. Viwanda, yaani pale klasi inapoomba njia ya kuunda Kikao badala ya Kikao chenyewe, bado vinanisumbua, kwa sababu kiwanda kikishikwa na kitu cha programu, mateka anarudi kupitia dirishani na ukaguzi hauoni. Ninachojaribu usiku huu ni kukifanya kiwanda kipokee skopu kama kigezo cha lazima, ili kisiitike bila kupewa ombi. Jaribio nimeshaliandika na linafeli kama inavyotakiwa.

Jamaa wa VICOBA nimemwambia abaki na 1.8 kwa sasa. Wale mateka wanne tumewatoa kwa mkono Jumamosi, mmoja mmoja. Jumapili mweka hazina akaingiza michango ya kikundi kizima, akafungua ripoti, na salio likasogea.