Bodi ya kuokoteza: nilivyounga windsafu yangu Jambiani, Zanzibar

Kiukweli seti nzima mpya ya windsafu (ule ubao wenye tanga wa kuteleza baharini) kwa mfuko wangu haikuwezekana, kwa hiyo nikaokoteza. Bodi nilipewa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao, ina tobo puani la ukubwa wa kiganja, tanga la mita za mraba 5.7 nikalipata kwa jamaa wa Paje, mlingoti nusu ya chini kampuni hii nusu ya juu kampuni ile, bumu (lile bomba la kushikia tanga) ndo usiseme.

Nikaanza na tobo, na hapo ndo nilipokula hasara. Huku ukisema resini watu wanajua ile ya boti za faibaglasi, polyesta, na mimi bila kuuliza nikanunua hiyo hiyo, nikatia hadena nikamimina. Baada ya muda mfupi naangalia shimo linazama tu, tobo la kiganja limekuwa bakuli! Kumbe ndani ya bodi ni foam nyeupe kama ile ya kwenye maboksi ya TV, na polyesta ina staireni inayoiyeyusha foam hiyo. Ilitakiwa epoksi. Basi nikakwangua uchafu wote, nikasimamisha bodi pua chini kivulini karibu wiki nzima maji yatoke (hii usiiruke, ukiziba na maji ndani umejifungia mzigo), nikachonga foam ya boksi la TV ikajaa shimo, juu yake kitambaa cha faibaglasi tabaka mbili na epoksi, halafu msasa mpaka mkono ukachoka. Haipendezi ila haivuji.

Bumu lilikuwa la mlingoti mnene wa milimita 48 na wangu ni mwembamba, 32, ukilifunga linazunguka tu. Nikakata paipu ya PVC ya inchi moja na nusu urefu wa shubiri, nikaipasua upande mmoja, ndani nikaviringisha tyubu ya baiskeli mpaka ikabana. Mpaka leo iko hapo hapo.

Kilichonitesa zaidi ni mlingoti. Nusu mbili zilikuwa zinaingiana vizuri, nikajua nimemaliza, nikaja kusimamisha tanga mchangani nikavuta kamba ya chini kwa nguvu zote, mikunjo haiishi. Akapita babu mmoja fundi wa ngalawa, nikamwamkia, akasimama akaangalia weee halafu akasema, "Mwanangu, mlingoti wako unapinda kiunoni, shingoni haupindi." Na kweli, kampuni nyingine zinatengeneza ncha, yaani nusu ya juu, ngumu nyingine laini, na tanga linashonwa kufuata mpindo wa mlingoti wake, kwa hiyo kila kitu unaweza kuchanganya ila hizo nusu mbili usichanganye hata kama zinaingiana. Nikabadilishana ncha na mshkaji mwenye ya kampuni sawa na nusu yangu ya chini, mikunjo karibu yote ikaisha, na kule juu tanga likaanza kulegea kidogo upepo ukipiga kama inavyotakiwa.

Kusi lilipoingia nikatoka nayo maji yakiwa yamejaa, ikapaa! Shida iliyobaki ni fini, lile pezi la chini ya mkia wa bodi, niliyonayo ni ndogo kwa tanga hili, nikishika kasi mkia unateleza pembeni kama baiskeli kwenye tope. Nimeshapata kipande cha mvule, jumamosi nachonga nyingine.