Siagi ya karanga, wiki ya 6: jina limepatikana, stika zimenitoa jasho

Haya, nilisema ntaandika kila Jumapili nikapotea wiki mbili, ila kazi imefanyika.

Kwa wageni: nasaga siagi ya karanga nyumbani hapa Mbagala, Dar. Ladha haina shida, shida mtu akishika kopo anauliza "hii umetengeneza mwenyewe?" na akiuliza hivyo ujue anataka kupunguziwa.

Stika za kwanza aibu tupu. Niliprinti stationari ya mtaani, karatasi ya kawaida wino wa kawaida, zinapendeza kweli, afu mafuta ya karanga yakapanda juu yakapenya kwenye mfuniko, wino ukatambaa wote, kopo 40 nimebandua kwa maji ya moto. Sasa natumia stika za plastiki. Ule mchoro wa karanga inayotabasamu nimeutoa (mwanangu kanuna), nimebakiza jina, uzito, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, simu. Tarehe nagonga muhuri, zamani niliandika kwa maka peni na mwandiko wangu mnaujua.

Jina nimesajili BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) mwenyewe kwenye mtandao, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na elfu 20 basi, 15 ya usajili 5 ya ada ya mwaka. La kwanza lilikataliwa, linafanana na la mtu mwingine, na ndo lilikuwa kwenye zile stika zilizoharibika kwa hiyo zimekufa na msiba wao.

Ila kilichobadilisha mambo ni lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu. Hela zilikuwa zinaingia laini aliyosajili mume wangu, mteja anaona jina la mwanaume asiyemjua anasita, anapiga simu kwanza, wengine ndo hawarudi tena. Sasa linatokea jina lilelile la kwenye kopo. Dada mmoja wa kopo moja kila mwezi kachukua sita, "kumbe ni kampuni!" Sio kampuni dada, jina la biashara tu, ila sikumkatisha.

Supamaketi bado wamenigomea, wanataka alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango) na bakodi, ile mistari ya kuskani, zile zinazotolewa na GS1 Tanzania zinazoanza na 620. Kesho naenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) kuomba barua ya kupeleka TBS. Karanga nachambua moja moja kupunguza sumukuvu (sumu ya ukungu), hapo sina wasiwasi sana, ninachoogopa ni wakaguzi waje wakute nasagia palepale ninapokaangia dagaa, kwa hiyo jana tumeanza kuhamisha vitu stoo na mume wangu analalamika baiskeli yake italala wapi.