Namna Tulivyoilinda Njia ya Umma Kwenye Gati la Zamani

Kazi niliyokabidhiwa na kamati ya wakazi ilikuwa kuhakikisha kwamba gati la zamani litakapojengwa upya, mtu yeyote ataendelea kufika majini bila kuomba ruhusa. Gati hilo lilitelekezwa kwa sababu iliyoyamaliza magati mengi ya mijini baada ya mwaka 1956, meli ya Ideal X ilipobeba makontena kutoka Newark hadi Houston: meli zilizofuata zilihitaji kina kirefu na viwanja vipana, na maghala ya katikati ya miji yakabaki matupu.

Nilianza na michoro. Picha za rangi za mwendelezaji, yaani aliyetaka kujenga upya gati hilo, zilionyesha watoto wakikimbia kando ya maji, lakini mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo na ukingo kama vilivyokatwa wima, ulionyesha ukuta wa ghorofa ukikaribia kabisa ukingo, na sehemu nyembamba iliyobaki imeandikwa kwa herufi ndogo kuwa ni baraza ya wenye nyumba. Niliziweka karatasi hizo mbili sambamba mbele ya maofisa wa mipango miji, na tangu hapo mjadala ukawa juu ya nani mwenye haki ya kupita.

Mwendelezaji alijitetea kwamba njia ya chini, kando ya maji, ingefunikwa na maji wakati wa dhoruba. Hoja hiyo ilistahili jibu la kweli, nami nililipata HafenCity, mtaa uliojengwa kwenye bandari ya zamani mjini Hamburg, Ujerumani, ambako majengo yameinuliwa takriban mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari, ilhali njia nyingi za waenda kwa miguu zimeachwa chini, zikikubaliwa kufurika mara chache kwa mwaka. Suala la udongo wa gati letu, wenye mafuta na metali nzito, tuliwaachia wataalamu.

Lililotuchukua muda zaidi ni maandishi. Ahadi iliyomo katika mpango haimfungi atakayenunua kiwanja baadaye, na kwa maoni yangu hapo ndipo wakazi wengi hupoteza gati lao. Kwa hiyo tulidai haki ya njia isajiliwe kwenye hatimiliki ya kila kiwanja, ikieleza upana wake, nani atakarabati ukuta wa gati, nani atalipia taa, na kwamba hakuna lango litakalofungwa usiku. Masharti hayo yalisajiliwa kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa, na jengo likasogezwa nyuma.