Karafuu, kochi la krimu na kamba ya katani

Kochi lilifika kutoka Keko Ijumaa jioni. Jumapili asubuhi kona yake ya kushoto ilikuwa imeshachomoka nyuzi, na paka wetu Karafuu amelala juu yake usingizi wa pono.

Kochi lile nililisubiri miaka miwili. Tulipohamia nyumba hii ya Tabata tulikuwa tukikaa kwenye mikeka na mito, mimi na mume wangu, tukiweka fedha kidogo kidogo. Huku nyuma nakusanya kwenye simu picha za sebule zinazonipendeza: kuta nyeupe, mbao nyeusi, kochi la rangi ya krimu lenye kitambaa cha vifundo vidogo vidogo kama manyoya ya kondoo. Tulilipa milioni 2 na laki 3. Karafuu naye tulimwokota mtaroni wakati wa masika, mdogo wa kuenea kiganjani, na usiku wa kwanza alilala shingoni mwangu. Mama mkwe alipokuja kulitazama kochi, akapitisha mkono kwenye zile nyuzi, akashusha pumzi.

"Mwanangu, hapa lazima uchague. Paka au kochi."

"Mama, sitaki kuchagua," nilimwambia. Na kweli sikutaka. Nyumba nzuri ninayoitamani ni ile ambayo kila anayeishi ndani yake ana mahali pake, na Karafuu anaishi hapa.

Nilianza vibaya. Kila alipolisogelea kochi nilipiga makofi, nikamrushia kandambili. Baada ya wiki moja akawa harudi kwenye kochi mchana, anangoja tulale. Asubuhi naamka nakuta nyuzi mpya. Kisha akaanza kukojoa kwenye kona ya zulia, paka ambaye tangu utotoni hakuwahi kukosea sanduku lake la mchanga. Nikasugua pale kwa dawa ya klorini, kesho yake akarudia palepale.

Ndipo nikampigia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyesomea udaktari wa wanyama SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, kwanza acha klorini. Mkojo una amonia, ukikutana na klorini unatoa hewa mbaya kwako na kwake. Halafu harufu ya mkojo wenyewe hujaiondoa, na yeye anaifuata hiyo. Pili, mlete nimpime, huenda kibofu kina tatizo. Tatu, acha kumfukuza kwenye kazi yake."

Kibofu kilikuwa kizima. Zulia nililiosha kwa maji ya baridi, nikalisugua kwa siki iliyochanganywa na maji, nikamalizia na ile dawa ya vimeng'enya vinavyovunja mkojo, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wanyama. Nikalianika juani siku mbili. Ila neno lililobaki kichwani mwangu ni lile la "kazi yake".

Paka akikwaruza, mdogo wangu alinieleza kwenye simu ileile, anafanya mambo matatu kwa mpigo. Anavua ganda la nje la ukucha lililochakaa ili ukucha mpya mkali utokeze. Ananyoosha mwili, kuanzia mabega hadi uti wa mgongo. Na kwenye vikanyagio vya miguu yake ana tezi zenye harufu, kwa hiyo anaacha alama kwamba hapa ni kwake. Nilipokata simu nilikwenda kulikagua kochi kwa tochi. Katikati ya nyuzi nilikuta kitu kama ganda la mchele, jembamba, limepinda mfano wa mwezi mwandamo. Lilikuwa ganda la ukucha wa Karafuu. Nimelihifadhi mpaka leo kwenye kikopo cha vifungo.

Wiki iliyofuata sikumkemea hata mara moja. Nilichukua daftari, nikawa naandika anakwaruza wapi na saa ngapi. Mara nyingi ni anapoamka tu: anapiga miayo, anatembea hatua nne, anasimama kwa miguu ya nyuma kwenye kona ileile ya kushoto, anajinyoosha mpaka tumbo linaonekana, ndipo anaanza. Na mara nyingine ni mume wangu anapoingia kutoka kazini. Karafuu anakimbilia kwenye kochi na kukwaruza kwa furaha, kisha ndiyo anamfuata miguuni. Ile kona ipo kwenye njia ya mlangoni, kila mtu anapita hapo. Nikaelewa kwa nini ameichagua.

Nguzo ya kwanza niliitengeneza mwenyewe kwa kipande cha mbao na masalio ya kapeti, nikaiweka kwenye baraza ya nyuma isiharibu sura ya sebule. Makosa mawili hapo. Karafuu hakuitazama kabisa, maana paka hana sababu ya kwenda kuacha alama yake mahali pasipopita mtu. Na ukimpa kapeti ya kukwaruza unamfundisha kwamba kapeti zote ni halali. Juu ya hayo ilikuwa fupi na nyepesi, ikisukumwa inayumba, na nguzo ikimyumbia mara moja paka haji tena.

"Mtafutie katani," mdogo wangu akasema. Nilicheka kwa furaha niliposikia, kwa sababu mimi ni mjukuu wa mkata mkonge, mmea unaotoa katani. Babu yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya Korogwe, na alikuwa akitusimulia jinsi mkonge ulivyoletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 ikisafirishwa kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutoka kwenye hiyo michache ndiyo yakaja mashamba yaliyojaza mkoa mzima. Sasa kumbe katani ndiyo inayozungushiwa nguzo za paka duniani kote: ni ngumu, ina ukwaruzo wa kushika ukucha, na inachanika taratibu kwa namna paka anavyopenda kuona kazi yake.

Nikarudi Keko kwa fundi yuleyule aliyetengeneza kochi. Nilimchorea kwenye karatasi. Akageuza karatasi huku na huku.

"Dada, hii ni stendi ya nini?"

"Ya paka, fundi. Na naitaka nzuri kama meza ya sebuleni."

Hakunishangaa. Akaniuliza paka akijinyoosha anafika wapi, nikamwonyesha kwenye paja. Tukakubaliana nguzo iwe na urefu wa sentimita 90 na kitako cha sentimita 50 kwa 50, mbao ya mtiki, nene, ili uzito wenyewe uishikilie. Mtiki ule ulitoka Longuza, Muheza, kwa hiyo mbao na kamba vyote ni vya kwetu Tanga. Kamba nilinunua mwenyewe, unene wa milimita 10. Hesabu yake ukitaka kujaribu: nguzo yangu ina kipenyo cha sentimita 10, kila mzunguko unakula karibu sentimita 35, na ili kuifunika yote unahitaji mizunguko 90. Ni mita 31 na ushei, mimi nilinunua 35. Fundi alipaka gundi ya mbao kidogo kidogo, akivuta kamba kwa goti, kila mzunguko akiugonga kwa nyundo ya mpira uushike wa chini yake. Juu aliweka kisahani cha mtiki kilichopigwa msasa mpaka kinang'aa. Kila kitu kilinigharimu shilingi 95,000.

Niliiweka katikati ya sebule, imegusana kabisa na ile kona ya kushoto. Hapo ndipo watu wengi wanaponiuliza kama sikuona vibaya. Sikuona, kwa sababu ni nzuri: kamba ile ya rangi ya asali pembeni ya kochi la krimu inaonekana kama kitu kilichokusudiwa tangu mwanzo. Kochini nilibandika utepe mpana wenye gundi pande mbili, maana paka hapendi kitu kinachonata miguuni. Nguzo niliisugulia kidogo majani makavu yenye harufu inayowavuta paka. Siku ya pili asubuhi Karafuu aliamka, akapiga miayo, akaenda zile hatua zake nne, akagusa utepe, akatoa mguu. Akanusa kamba. Halafu akasimama, akajinyoosha mpaka mwisho, na nikasikia sauti ile ya katani, krrr krrr, nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai sithubutu kupumua.

Baada ya miezi miwili nilibandua utepe. Kona iliyoharibika tuliivika kitambaa kipya, na safari hii nilichagua mahameli. Ile ya krimu ya vifundo ni nzuri machoni, lakini kila kifundo ni ndoano ya ukucha. Mahameli iliyofumwa kwa kubana haina pa kushika, na manyoya yakiingia unayatoa kwa glovu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, unasugua upande mmoja tu, yanajikunja yenyewe kama uzi. Kama ningeanza upya ningeagiza kochi zima la mahameli. Kucha namkata ncha kila baada ya wiki mbili au tatu, pale penye uwazi tu, siigusi sehemu ya waridi ambako kuna mshipa.

Mkeka wa ukindu aliousuka bibi nao Karafuu aliupenda mno, na huo sikuwa tayari kuupoteza. Nimeutundika ukutani juu ya kochi. Wageni wakiingia macho yanaanzia pale.

Kuna jambo moja la urembo ambalo silifanyii mzaha. Maua ya lili hayaingii humu ndani, hata mtu akiyaleta kwa nia njema siku ya sikukuu. Chavua yake kidogo, hata maji ya chombo chake, vinaweza kuua figo za paka. Mmea ule wa kutambaa wanaouita mani planti nimeupa jirani, kwa kuwa majani yake yanaunguza kinywa cha paka akiyatafuna. Na wapulizia dawa ya mende wakija, naomba kwanza nisome lebo: penye permethrini, sumu ya wadudu iliyo hatari kwa paka, Karafuu anahamia kwa mama mkwe mpaka kila kitu kikauke na nyumba ipate hewa.

Ndiyo, kwa mama mkwe. Aliwahi kumkuta amelala kwenye mswala wangu, nikadhani atasema. Akamsogeza taratibu kwa kiganja, akanikumbusha hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Akasali, Karafuu amekaa pembeni.

Sasa ni miezi 14. Kamba imelika upande unaotazama mlango, mahali miguu yake ya mbele inapofika, na mbao imeanza kuchungulia. Fundi ameshasema nimpelekee Jumamosi, kwa hiyo kesho natoka kazini mapema kwenda kununua mita 35 nyingine.