Saa Kumi Mbili

Leo Jumapili nimeamka tena saa kumi alfajiri, bila saa ya kuniamsha. Mwaka wa pili sasa. Ndio wakati ule mlango wa chuma wa jela ulipokuwa unafunguliwa na askari anaita watu wakachukue chakula, na mwili wangu haujasahau.

Habari hizi sijapata kuziandika. Ila Ijumaa, baada ya swala, kijana mmoja wa nyumbani aliyefika Texas juzijuzi aliniambia ana faini ya barabarani hajailipa, na kwamba wakimkamata atalala ndani siku moja mbili, yataisha. Nikamwambia akailipe leo hii, kabla jua halijazama. Akanitazama, maana sauti ilinitoka kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Mimi nilikamatwa nikiendesha gari na leseni imesimamishwa. Kosa ni langu, silikatai. Faini mbili nilizipuuza, nikahama nyumba, barua zikawa zinakwenda kwa mpangaji mwingine.

Nyumbani ukisema jela watu wanafikiri kifungo. Jela ya kaunti ni jambo jingine. Iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na wengi wa waliomo ni mahabusu: kesi haijasikilizwa, dhamana imetajwa, pesa haipo. Wapo na wenye vifungo vifupi, wapo wanaosubiri kupelekwa gereza la jimbo, wote chumba kimoja. Dhamana yangu ilikuwa dola 1,500. Wakala wa dhamana huku huchukua kama sehemu ya kumi na kukudhamini kwa zilizobaki, kwa hiyo dola 150 zingenitoa usiku uleule. Benki nilikuwa nazo. Nilikaa siku 9.

Sababu ni simu. Walipoichukua mkononi mwangu, walichukua na namba zote za watu ninaowajua. Kichwani nilikuwa na namba moja tu, ya mama, Tanga, niliyoishika tangu nasoma sekondari. Simu ya ukutani mle haikupiga nje ya Marekani. Nilisimama mbele yake nikijaribu kukumbuka namba ya rafiki ninayekula naye kila wiki, nikapata tarakimu nne za mwisho, basi. Nyuma yangu foleni.

Tulikuwa watu 24 kwenye ukumbi mmoja wa dabodeka za chuma, na wawili wamelala chini kwenye vihori vya plastiki kwa sababu vitanda vimejaa. Godoro unene wake vidole viwili. Baridi ya kiyoyozi usiku na mchana, blanketi moja, nguo za mikono mifupi. Taa hazizimwi. Usiku zinapunguzwa, lakini kuzimwa, hapana. Watu wanajifunga soksi machoni wapate usingizi. Giza sikuwahi kulihesabu kuwa neema mpaka hapo.

Dirisha halikuwepo, wala saa ukutani. Ikabidi nishike vipindi vya swala kwa milo. Chakula cha kwanza saa kumi alfajiri, cha pili saa nne na nusu asubuhi, cha mwisho saa kumi jioni. Saa kumi mbili, na katikati yake siku nzima imeviringika. Nikiona trei ya alfajiri nasema bado kidogo, nangoja, naswali. Trei ya jioni ikija najua Alasiri inakaribia kunipita. Kibla nilimuuliza askari mmoja mama mtu mzima, maana nilitaka kujua kaskazini mashariki ni upande gani. Akafikiri, akanyoosha kidole kwenye kona ya vyoo. Sikujua kama alikuwa na hakika. Niliufuata upande huo siku zote 9.

Udhu ulikuwa kazi. Sinki na choo vimeungana, chuma kimoja, na maji hutoka kwa kubonyeza kitufe. Ukibonyeza yanatoka kidogo, yanakatika. Mkono mmoja mpaka kiwiko ni kubonyeza mara tatu. Kuosha mguu ilibidi nikinge maji kwenye kikombe huku nimesimama kwa mguu mmoja, na watu wanatazama. Siku ya pili kijana wa kitanda cha chini yangu akaja bila kuambiwa, akaweka kidole gumba kwenye kitufe akakishikilia, maji yakikatika anakibonyeza tena, mpaka nikamaliza. Akawa anafanya hivyo kila swala. Alikuwa na miaka 19, ananiita mjomba kwa Kiingereza chake.

Yeye alikuwa ana wiki ya sita. Kesi yake ni kuingia kwenye eneo la duka alilokatazwa. Dhamana dola 500. Wakala angetaka 50, na hakuwa na mtu wa kumpa 50.

Ni yeye aliyenifundisha kupika. Pesa uliyokamatwa nayo wanakuwekea kwenye akaunti, unanunua kwenye duka la jela, na kinachonunuliwa zaidi ni tambi za pakiti. Unaziponda zikiwa ndani ya pakiti, unatia chipsi zenye pilipili, unamimina maji ya moto ya bomba, unazungushia taulo na kuikalia dakika kumi. Tulikula wawili kwa kijiko cha plastiki kimoja. Kwa mtu aliyekula saa kumi jioni na hatakula tena mpaka saa kumi nyingine, hicho ndicho chakula cha jioni.

Usiku nilimfikiria sana Sandra Bland, ambaye huku Texas jina lake kila mtu mweusi analijua. Julai 2015 alisimamishwa barabarani kwa kutowasha taa ya kuonyesha anabadili njia, akawekwa jela ya Waller County, dhamana dola 5,000, na baada ya siku tatu akakutwa amekufa ndani ya selo. Zamani nilisoma habari yake nikashangaa, siku tatu tu? Sasa sishangai.

Siku ya 9 rafiki yangu wa kazini alinipata. Alikuwa amenitafuta hospitali, kisha kwenye orodha ya mahabusu, ila jina langu walikuwa wameliandika kinyume, la baba mbele. Nilipotoka nilimpigia mama kabla sijavaa mkanda. Ijumaa yangu ya kumpigia ilikuwa imepita kimya, naye akawaita majirani wakanisomea dua. "Mwanangu, ulikuwa wapi?" Nikamwambia simu iliharibika. Mama, ukisomewa haya, nisamehe.

Yule kijana nilimwahidi zile dola 50. Gari lilikuwa limekokotwa, gharama za yadi zinaongezeka kila siku, kodi ya nyumba imefika, nikasema wiki ijayo. Nilipokwenda kwa wakala, wiki mbili zilikuwa zimepita. Akatazama kwenye kompyuta akaniambia hayumo. Alikuwa amekiri kosa ili atoke. Wakamhesabia siku alizokwisha kukaa, wakamfungulia mlango. Ana rekodi sasa, kwa kesi ambayo hakuna aliyeisikiliza.

Namba yangu nilimkaririsha mwenyewe, tarakimu kumi, anaisema huku ameshikilia kitufe cha maji. Tangu hapo simu ya namba nisiyoijua siiachi ikaita mpaka ikakatika, hata nikiwa kazini.