Njia ya gari mlimani Isamilo
Nyumba yetu ipo kwenye mteremko wa Isamilo, jijini Mwanza, na kwa miaka minne niliamini kwamba changarawe ndiyo nafuu kwa njia ya gari, hadi nilipojumlisha gharama ya malori niliyoagiza kila baada ya masika kufidia ile iliyosombwa na maji hadi mtaroni. Zege hudumu, lakini lisipomwagiliwa maji kwa siku 7 hivi huota nyufa mapema, na kiraka chake hakifichiki. Nimechagua vitofali vya saruji. Ni ghali mwanzoni, ila bomba lilipovuja chini yake, fundi aling'oa vitofali 40, akaziba, akasawazisha mchanga na kuvirudisha vilevile, nami nikalipia ufundi tu. Kingo za zege pembeni ndizo zinazovizuia visitambae kuelekea bondeni. Hapo sikubana matumizi hata kidogo.